Mipira Ambayo Olivia Hakuiandika

Kila siku ya kazi, kabla jua halijachomoza, Olivia Nakisige aliamshwa na mlio wa buti za mama yake kwenye sakafu ya saruji. Mama, ambaye wote katika kambi ya askari walimoishi walimwita Afande Ketty, alikuwa askari magereza mjini Jinja. Zamu yake ilianza mapema. Alikuwa akiacha chai kwenye chupa na viazi vitamu kwenye sahani, anagonga mlango wa chumba cha Olivia mara moja, kisha anaondoka.

Baba yake Olivia, Mzee Isiko, alikuwa mwanajeshi na kazi yake ilikuwa mbali, Karamoja. Alirudi nyumbani mara mbili kwa mwaka. Baba alikuwa Msoga na mama alitoka Lira, kila mmoja na lugha yake, kwa hiyo nyumbani walizungumza Kiswahili, kama jirani zao wengi wa kambi.

Olivia aliteka madumu mawili ya maji, akafagia uwanja, kisha akavaa raba. Chai na viazi vilibaki mezani. Alichukua mpira mwekundu wa kriketi, mgumu kama jiwe, akaenda nyuma ya ghala la zamani la kambi. Huko palikuwa na ukuta mrefu usio na madirisha. Alichora vijiti vitatu kwa mkaa ukutani, akahesabu hatua kumi na sita kurudi nyuma, akaanza kukimbia.

Olivia alikuwa mrushaji wa kasi. Katika kriketi, mrushaji hukimbia, huruka, hutua kwa mguu mmoja, na papo hapo huurusha mpira kuelekea vijiti vilivyo nyuma ya mpigaji. Mpigaji huvilinda vijiti hivyo kwa gongo lake. Mpira ukiviangusha, mpigaji ametoka. Olivia alianza mchezo huo akiwa na miaka kumi na mmoja, na sasa, akiwa na kumi na mitano, alikuwa ameshachezea timu ya taifa ya wasichana walio chini ya miaka kumi na tisa. Mwezi wa Tatu alisafiri nayo hadi Kigali, akawatoa wapigaji wanne katika mechi moja. Picha yake ilibandikwa kwenye ubao wa matangazo wa shule.

Lakini akiwa Kigali, mwalimu mmoja wa timu alimwambia neno ambalo halikumtoka kichwani. "Una kasi, binti. Ila Agosti tunakwenda Nairobi, na huko utakutana na wapigaji wakubwa kuliko hawa. Ongeza kidogo."

Mwalimu yule alisema kidogo. Olivia alisikia sana.

Kocha wake wa Jinja, Semei Isabirye, alikuwa mtu mpole mwenye sheria moja kali. Kila mrushaji alikuwa na daftari. Baada ya kila siku ya mazoezi aliandika tarehe na idadi ya mipira aliyorusha, ya uwanjani na ya nyumbani. Kwa umri wa Olivia, kiwango kilikuwa mipira thelathini na sita kwa siku, siku tatu tu kwa wiki.

"Mfupa wa mtoto ni kama tofali ambalo halijachomwa," kocha alipenda kuwaambia. "Ukilitazama ni tofali. Lakini ukilijengea ghorofa, litakuangukia."

Wasichana walicheka. Olivia naye alicheka, kisha akaandika: thelathini na sita. Mipira sabini na zaidi aliyoirusha ukutani asubuhi hakuiandika. Siku ya kwanza alisita kalamu ikiwa juu ya karatasi. Siku ya kumi hakusita tena.

Mtu mmoja tu alijua. Huyo alikuwa Hadijah, rafiki yake, mlinda wiketi wa timu, yaani mdakaji anayekaa nyuma ya vijiti, ambaye baba yake alikuwa na duka la vyombo karibu na soko. Asubuhi moja Hadijah alipita kambini ili waende shule pamoja, akamkuta Olivia nyuma ya ghala, jasho likimtiririka.

"Umerusha mingapi?" Hadijah aliuliza.

"Sabini na nne."

"Na jioni tuna mazoezi! Olivia, kocha atakasirika."

"Hatakasirika asipojua."

"Mwambie tu. Labda atakupangia vizuri."

"Hadijah, ukimwambia, urafiki wetu umekwisha." Olivia alisema hivyo huku akijinyoosha, na alipojinyoosha alishika kiuno upande wa kushoto. Hadijah aliuona mkono ule. Aliinama, akamwokotea mpira, wakaondoka.

Maumivu yalianza kama mchomo mdogo, sawa na wa mtu aliyelala vibaya. Baadaye yakawa yanakuja kila alipotua kwa mguu wa kushoto. Mwezi wa Sita ulipofika, hata kuinuka kwenye dawati kulimpa shida. Kocha Isabirye alimwona siku moja, baada ya kuandika daftari, akiinuka polepole huku ameshika meza.

"Mgongo?" kocha aliuliza.

"Nimelala vibaya, kocha."

"Una hakika?"

"Nina hakika kabisa."

Mwezi wa Saba timu ya Jinja ilialikwa Mbale kwa mashindano ya siku tatu. Uwanja ulikuwa wa shule moja karibu na eneo la viwanda, na kutoka pale waliuona mlima umejifunika mawingu. Siku ya kwanza, Alhamisi, Olivia alipewa mpira mapema. Alirusha mizunguko miwili, mipira sita kila mzunguko, akiuma meno. Katika mzunguko wa tatu alikimbia, akaruka, akatua. Alihisi kama mtu amempiga kwa rungu kiunoni. Mpira ulimtoka mkononi ukaenda pembeni, naye akaanguka kifudifudi.

Hadijah alikuwa wa kwanza kumfikia. "Usiinuke! Usiinuke!" alimwambia, na machozi yalikuwa tayari yanamlenga.

Walimpeleka hospitali moja pale Mbale. Alipigwa eksirei, akapewa dawa ya maumivu, akalazwa. Ijumaa asubuhi mama yake alifika kwa basi la kwanza kutoka Jinja. Alikuwa bado amevaa sare, kwa maana alitoka moja kwa moja kwenye zamu.

Daktari aliyewapokea aliitwa Odongo, mtu mrefu mwenye sauti ya chini. Aliwaketisha Olivia, mama na Kocha Isabirye katika chumba chake, akaiweka picha ya eksirei kwenye taa.

"Picha hii hainionyeshi kitu cha wazi," alisema. "Lakini maumivu yapo, tena makali. Olivia, yalianza lini?"

"Kama wiki saba zilizopita."

"Yanakuamsha usiku?"

"Mara nyingine."

"Na uzito? Umepungua?"

Mama ndiye aliyejibu. "Sketi yake ya shule nimeipunguza mara mbili mwaka huu, daktari."

Olivia alitazama sakafu. Alikumbuka viazi vyote alivyoviacha mezani ili awahi ukutani.

Daktari aliandika. "Kocha, warushaji wa kasi huumia mgongo wakizidisha. Huyu hurusha mipira mingapi?"

Kocha Isabirye alifungua mkoba, akatoa daftari la Olivia kwa mikono miwili. "Daktari, kwetu hakuna kubahatisha. Kila mpira umeandikwa. Thelathini na sita, siku tatu kwa wiki. Hajawahi kuzidisha hata mmoja."

Daktari Odongo alipitisha kidole kwenye kurasa, moja baada ya nyingine. Kisha alimgeukia Olivia. "Hesabu hii ni sahihi, binti?"

Olivia aliona uso wa kocha uliojaa fahari. Aliiona Nairobi. Akajiambia kwamba madaktari wana mashine, watapata wenyewe kilichomuumiza.

"Ndiyo, daktari," alisema.

Daktari alilifunga daftari. "Basi sidhani kwamba chanzo ni mchezo. Kwa mipira michache namna hii, mgongo wa binti mwenye afya haufiki hapa. Lazima tutafute kitu kingine." Akamgeukia mama. "Mama, naona sare yako. Unafanya kazi gerezani. Pale kuna mtu aliyewahi kuugua kifua kikuu?"

"Mwaka jana alikuwepo mfungwa mmoja," mama alisema polepole. "Alitibiwa, akapona. Nilikuwa mmoja wa walinzi wake alipolazwa."

"Kifua kikuu hakikai kifuani tu. Kinaweza kuingia kwenye mifupa ya mgongo. Mtoto anapungua uzito, anaumwa usiku, na nyumbani kuna mtu aliyekuwa karibu na mgonjwa. Sisemi ndicho. Nasema siwezi kukipuuza. Tutachukua damu na makohozi leo, ya mtoto na yako pia. Jumanne nitawaandikia barua mwende Kampala, wachukue kipande kidogo cha mfupa kwa sindano ndefu, wakipime."

Aliiweka kofia yake ya kazi kwenye magoti, akaishika kwa mikono yote miwili.

Hospitali iliwaruhusu wasubiri nyumbani. Walikwenda Namakwekwe, mtaa wa pale Mbale, kwa Shangazi Topista, dada yake baba, aliyepanga vyumba viwili na kushona nguo barazani. Shangazi alikuwa mwanamke wa maneno mengi. Alimlaza Olivia kwenye kitanda chake mwenyewe, akampikia uji wa mtama na karanga, akafukuza waendesha bodaboda waliopiga honi karibu na dirisha. "Nendeni mkapigie honi wake zenu! Hapa kuna mgonjwa."

Lakini mama alibadilika. Alitenga kikombe chake na sahani yake, akaviweka kando, dirishani. Aliketi mlangoni, mbali na kitanda. Jumamosi Olivia alipoomba asaidiwe kujigeuza, mama aliinuka, akasita, akamwita Shangazi.

"Mama, kwa nini hunishiki?" Olivia aliuliza.

"Nina mafua kidogo," mama alijibu, na hakuwa na mafua.

Jumapili mchana Shangazi alirudi kutoka kanisani. Olivia alikuwa kitandani, dirisha likiwa wazi. Nje, uani, aliwaona mama na Shangazi. Mama alikuwa anafua sare yake. Ilikuwa mara ya tatu tangu Ijumaa, na sare ile ilikuwa safi. Povu lilimfika viwikoni.

"Ketty, acha. Utaitoboa," Shangazi alisema.

"Topista, mimi ndiye niliyemletea." Sauti ya mama ilikuwa imekatika. "Kila siku nilirudi na nguo hizi, nikamkumbatia mtoto nikiwa nimezivaa. Kazi hii naiacha. Nikirudi Jinja naandika barua. Sitaki tena kuiona sare hii."

"Daktari hajasema ndicho."

"Moyo wangu umesema." Kisha Afande Ketty, ambaye wafungwa wenye mabega mapana walimwogopa, alikaa chini kwenye udongo kando ya beseni, akajifunika uso kwa mikono yenye sabuni, akalia kama mtoto.

Olivia hakuwahi kumwona mama yake akilia. Alihisi maumivu mapya, na haya hayakuwa mgongoni. Alishika ukuta, akajiinua, akatembea hatua kwa hatua hadi mlango wa nyuma.

"Mama," aliita.

"Rudi kitandani! Nani amekwambia uinuke?" mama alisema huku akijifuta haraka.

"Mama, si wewe. Si gereza. Ni mimi." Maneno yalimtoka kwa mkupuo. "Nilikuwa narusha kila asubuhi ukiondoka, nyuma ya ghala. Sabini, themanini. Siku nyingine mia. Halafu jioni mazoezini narusha tena. Sikuandika. Daftari ni uongo. Hata mwili umepungua kwa sababu sikuwa nakunywa chai."

Olivia alitegemea kofi. Badala yake mama aliuliza kwa sauti ndogo, "Unasema hivi ili nisilie?"

"Hapana, mama! Ni kweli."

"Juzi mbele ya daktari ulisema ile nyingine ndiyo kweli. Nikuamini wakati gani?"

Hapo ndipo Olivia alipoelewa alichokifanya. Alikuwa ameuharibu ukweli wake mwenyewe, kiasi kwamba hata alipouleta mikononi, mama yake aliogopa kuupokea.

"Mpigie Hadijah," alisema mwishoni. "Yeye aliniona."

Mama alipiga, akaweka simu kwenye spika. Hadijah alikuwa amesharudi Jinja. Aliposikia swali, alianza kulia kabla ya kujibu. "Ni kweli, mama. Siku niliyomkuta ilikuwa mipira sabini na nne, na jioni tulikuwa na mazoezi. Nilitaka kumwambia kocha, nikaogopa kumpoteza Olivia. Nisamehe, mama."

"Asante, mwanangu. Usilie," mama alisema, akakata simu. Aliinuka, akajisuza mikono. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa, alimshika bintiye mabega.

"Kesho utamwambia daktari kwa kinywa chako," alisema. "Na kocha. Mimi nitakaa pale, sitasema hata neno moja."

Shangazi Topista, aliyekuwa amesimama akisikiliza huku mdomo wazi, alipata sauti yake. "Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Wewe umeumbuliwa na povu la sabuni tu. Mshukuru Mungu, halafu uje unywe uji!"

Jumatatu Kocha Isabirye alifika kutoka Jinja kabla ya saa nne. Mama alikuwa amemwambia tu kwamba anahitajika. Waliketi katika chumba kile kile. Olivia alipiga magoti kumsalimu kocha kama alivyolelewa, ingawa mgongo ulimchoma, na kocha akamwinua upesi.

"Daktari," Olivia alianza, "Ijumaa nilikudanganya." Akaeleza yote: ukuta, hatua kumi na sita, wiki kumi na moja, asubuhi sita kwa wiki. Alipofika kwenye daftari alimgeukia kocha. "Kocha, niliandika ulichotaka kukiona."

Kocha Isabirye aligeuza uso. Alitazama dirishani.

Daktari Odongo hakumkemea. Alichukua karatasi mpya, akapiga hesabu. "Kwa wiki moja, hii ni zaidi ya mipira mia tano," alisema, akainua macho. "Ukitua, unatua kwa mguu wa kushoto? Maumivu ni hapa?" Aliinuka, akambonyeza kwa kidole mahali padogo sana, kama anayejua anachokitafuta. Olivia aliruka.

"Basi sasa nina swali jingine la kuiuliza mashine," daktari alisema. "Kuna picha ambayo sikuiagiza kwa sababu daftari liliniambia haina haja."

Walimlaza kwenye mashine kubwa ya duara. Baada ya hapo walisubiri kwenye benchi la korido, watatu wakiwa wamepangana: mama, Olivia, kocha. Mama alihesabu shanga za rozari bila kutoa sauti. Kocha alikunja na kukunjua gazeti ambalo hakulisoma.

Daktari Odongo aliporudi, alikuwa anatembea haraka, na uso wake ulikuwa umefunguka. Aliwaonyesha picha. Upande wa kushoto, chini, kwenye mfupa mdogo, palikuwa na mstari mwembamba kama unywele.

"Huu ni ufa," alisema. "Umetokana na kurusha mipira kupita kiasi. Nimeuona kwa warushaji wengine. Unapona wenyewe ukipewa muda. Majibu ya damu na makohozi nayo yametoka. Hakuna kifua kikuu, si kwa mtoto wala kwa mama. Kampala hamwendi. Hakuna sindano ya mfupa."

"Hakuna?" mama aliuliza.

"Hakuna."

"Sema tena, daktari."

"Hakuna, Afande."

Mama aliketi kwenye benchi kwa uzito, kama mzigo ulioteremshwa. Alicheka, akalia, akacheka tena, akamvuta Olivia kifuani na kumshika hapo, sare na yote. Muuguzi aliyepita na toroli alisimama kuwatazama, kisha naye akatabasamu bila kujua sababu.

"Lakini," daktari alisema, "miezi minne hakuna kurusha. Hata mpira mmoja. Ungeendelea wiki chache zaidi, ufa huu ungekatika kabisa, na pengine usingerusha tena maishani."

Olivia alijua maana yake. Nairobi ilikuwa imempita. Alitegemea kuumia zaidi, lakini kilichomjaa kilikuwa wepesi, kama mtu aliyetuliwa gunia la mahindi kichwani.

Walipotoka nje, Kocha Isabirye alimwita kando. "Nilimpa daktari daftari lile kama ninayempa Biblia," alisema. "Limeniuma jambo hilo, Olivia, sitakuficha. Lakini nami nilikuona ukiinuka kwa kushika meza, nikaridhika na jibu jepesi. Sehemu yangu ipo, na nitaibeba. Wewe beba yako."

"Utanifundisha tena, kocha?"

"Ukipona. Daftari tutaanza jipya, na mimi mwenyewe nitapita kwenu asubuhi bila kubisha hodi."

Miezi ile minne ilikuwa mirefu. Olivia alivaa mkanda mgumu kiunoni. Alifanya mazoezi ya kulala chali na kuinua mguu mmoja mmoja, mazoezi ya kuchosha ambayo hakuna mtu anayeyapigia makofi. Alikunywa chai yake yote na kula viazi vyake vyote. Baba alipiga simu kila Jumapili kutoka Karamoja na kuuliza, "Askari wangu, mgongo?" naye akajibu ulivyo, ukiuma alisema unauma. Agosti timu ilikwenda Nairobi bila yeye. Walishinda mechi moja, wakapoteza mbili, na Hadijah, aliyeteuliwa mara ya kwanza, alimsimulia kila kitu kwa simu mpaka chaji ikaisha.

Mwezi wa Septemba maumivu yalikuwa yamekwisha kabisa, na asubuhi moja Olivia alishindwa kujizuia. Alirusha mipira miwili ukutani. Kisha alisimama, akaingia ndani, akampigia kocha. "Nimerusha miwili leo," alisema.

"Umefanya vibaya kurusha," kocha alisema. "Umefanya vizuri kupiga simu. Mpira huo mpe mama akuwekee hadi Novemba."

Novemba Daktari Odongo alipiga picha nyingine. Mstari ule haukuwepo. Olivia alianza upya, mipira sita kwa siku, halafu kumi na miwili, taratibu kama mtoto anayejifunza kutembea. Aprili mwaka uliofuata aliitwa tena timu ya taifa. Wageni kutoka Rwanda walikuja kucheza mechi tatu za kirafiki, na ya mwisho ilichezwa Jinja.

Mama alikuja uwanjani na sare yake, akakaa na askari wenzake waliokuwa hawana zamu. Olivia alirusha vizuri. Katika mzunguko wa pili alihisi kitu kinavuta kiunoni. Uwanja mzima ulikuwa unapiga kelele za kumtia moyo. Alisimama, akainua mkono, akamwendea nahodha. "Nahisi kitu mgongoni. Naomba niangaliwe."

Akatoka nje. Watu walinung'unika. Mtaalamu wa viungo wa timu alimlaza kwenye nyasi, akambonyeza, akamkunja, akamnyoosha. "Ni misuli tu imekaza," alisema. "Mfupa wako mzima. Kunywa maji, upumzike kidogo, halafu rudi."

Olivia alifumba macho, akashusha pumzi ndefu. Alirudi baada ya dakika kumi. Kwa mpira wake wa nne, kijiti cha kati kiling'oka na kuruka hewani, na Hadijah nyuma ya vijiti akapiga kelele iliyosikika hadi barabarani.

Baada ya mechi, mama na binti walitembea pamoja kurudi kambini. Olivia alitarajia mama azungumzie kijiti kile. Mama alikuwa na jambo jingine.

"Uliponyoosha mkono na kutoka uwanjani, jirani yangu alisema, 'Masikini, ameshindwa.' Mimi nilitaka kusimama nipige makofi." Mama alipunguza mwendo. "Mwanangu, nimelinda wafungwa miaka kumi na minane. Wengi wamenisimulia habari zao. Karibu wote walianza na uongo mdogo, ule ambao mtu anadhani haumdhuru yeyote. Halafu uongo wa pili ukaja kuulinda wa kwanza, na wa tatu ukaja kuulinda wa pili. Siku moja mtu anajikuta yuko ndani, na kuta zote amezijenga mwenyewe. Wewe ulianza kujenga. Nami karibu niingie humo pamoja nawe, nikilia kwa ugonjwa ambao haukuwepo."

"Najua, mama."

"Basi shika hili. Bidii ni kitu kizuri, lakini bidii inayofichwa ina walakini. Na mwili ukikuambia unaumwa, mwambie mtu anayeweza kukusaidia, tena mwambie ukweli wote, kwa sababu daktari hatibu ugonjwa aliofichwa. Kurusha mpira kwa kasi Mungu amekupa. Kusema kweli unapoogopa, hilo umejifunza mwenyewe, na hilo ndilo linalonifurahisha leo."

Olivia alimshika mama mkono. Mgongo wake ulikuwa umechoka, uchovu mzuri wa kazi iliyofanywa kwa kipimo. Walipofika langoni, askari wa zamu alipiga saluti na kusema, "Hongera, Afande!" na wote wawili waligeuka kuitikia.